Sifuri Isiyo Mahali Pake

Jumamosi asubuhi Vifungo aliliona jina lake juu kabisa ya orodha ya ushonaji wa mwezi iliyobandikwa ukutani, akapandwa na hasira papo hapo. Mwingine angeshangilia. Yeye alijijua: katika kiwanda kizima cha mashati, ni washonaji wachache waliokuwa nyuma kama yeye mwezi ule, maana kila Jumatatu na Alhamisi alitoka saa nane kwenda darasa la kompyuta. Akashusha macho. Wa mwisho kabisa alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyemfundisha kushika sindano.

Ilikuwa orodha ya majina matupu, bila idadi hata moja. Chini yake msimamizi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: watatu wa mwisho wasije Jumatatu.

Wifi yake alikuwa anatia mkasi wake kwenye mfuko wake wa kitambaa kimyakimya, kama mtu aliyekwisha kukubali. Ukimya ule ulimchoma Vifungo kuliko orodha yenyewe. Akaingia ofisini bila kubisha hodi.

"Wifi yangu awe wa mwisho? Kwa hesabu ya nani?"

"Ya kompyuta," alisema msimamizi bila kuinua macho. "Mlilalamika napendelea. Haya, nimeandika programu kwa mkono wangu. Kompyuta haina shangazi wala mjomba."

"Nionyeshe."

"Wewe? Utaelewa nini?"

"Nionyeshe, bwana!"

Msimamizi aligeuza kioo cha kompyuta kwa dharau. Vifungo alisoma mstari kwa mstari, kidole juu ya kioo, kama alivyozoea darasani. Kwa kila mshonaji, programu ilizunguka siku za mwezi moja baada ya nyingine, ikichukua mashati ya siku hiyo na kuyaongeza kwenye jumla. Mpaka hapo sawa. Lakini mstari uliosema jumla iwe sifuri ulikuwa ndani ya mzunguko wa siku, badala ya kuwa juu yake. Damu ikamchemka. Kosa lile lile alilifanya yeye wiki ya kwanza, mwalimu akamtania mbele ya watu: mama, unajaza ndoo kwa kikombe, halafu kabla ya kila kikombe unaimwaga ndoo!

"Kila siku unaanza upya na sifuri," alisema. "Mwezi mzima umeumwaga. Umetupanga kwa mashati ya jana, siku ya mwisho, peke yake!"

Msimamizi akacheka. "Na jana wifi yako alishona mawili. Uvivu ni uvivu."

"Mawili! Na nani alimkabidhi kopo la mafuta jana asubuhi, apake mashine zote ishirini, eti hakuna mwingine anayezijua? Si wewe? Si kila mwisho wa mwezi unamtwisha yeye?"

Kicheko kilikatika.

Vifungo hakungoja ruhusa. Aliuhamisha ule mstari juu ya mzunguko, akaongeza neno moja ili idadi nazo zionekane, akabonyeza. Majina yakajipanga upya. Wifi yake alikuwa wa kwanza, mashati mia nne na kumi na mawili. Akalitafuta jina lake mwenyewe, akashuka, akazidi kushuka. Wa tatu kutoka chini. Zile Jumatatu na Alhamisi zote zilikuwa zimemngoja pale.

Msimamizi naye aliliona. Akaegemea kiti, tabasamu limemrudia. "Haya, mtaalamu. Nibandike ipi?"

Vifungo alitaka kulia, na kule kutaka kulia mbele ya mtu yule kukamwongezea hasira.

"Hii. Tena sasa hivi, wifi yangu hajafika getini. Umwombe radhi kwa kinywa chako mwenyewe. Na mwisho wa mwezi ujao, mafuta upake wewe!"

Akatoka. Alimkuta wifi yake mlangoni, akautwaa ule mfuko bila kueleza kitu, akautoa mkasi na kuurudisha mezani pa wifi. Kisha akaenda kwenye cherehani yake, akautia mkasi wake mwenyewe katika mfuko ule ule.