Soda ya Roscoe

Soda nyekundu humwagwa makaburini kabla ya mtu yeyote kugusa nyama. Ndivyo ilivyo Harlow Bend kila Juni Kumi na Tisa, tangu wazee, waliokuwa watumwa, walipopata habari za uhuru wao, zilizowafikia kwa kuchelewa kama kila kitu kizuri kinavyofika Texas. Mwita majina husimama nyuma ya kanisa, akamtaja marehemu, akamimina kidogo, na umati ukaitika, "Tuko nawe!" Sharti ni moja tu: aliye hai haitwi. Akiitwa, ardhi itamdai, naye atakufa.

Mwaka huu mwita majina alikuwa Verlene Tarver, na Verlene alikuwa amechoka. Kaka yake Roscoe alikwenda California akiwa kijana, akapiga simu mara chache, kisha kimya. Kila sikukuu mama yao, Mama Ozella, alimwekea sahani, na kila sikukuu Verlene ndiye aliyetupa chakula kilichopoa. Sasa mama amebaki mifupa mitupu, na bado hataki kulazwa hospitali, Roscoe asije akakuta mlango umefungwa. Verlene alitaka mama amlilie mwanawe, yaishe, akatibiwe.

Kwa hiyo, alipomaliza majina yote ya wafu, aliongeza moja.

"Roscoe Tarver."

Hakuna aliyeitika.

"We Verlene!" Mama Ozella alifoka kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu. "Umerukwa na akili? Nani kakwambia mwanangu kafa?"

"Mama, tukubali tu."

"Kubali wewe! Mimi sina maiti."

Verlene akamimina. Mvua ilikuwa haijanyesha muda mrefu na udongo ulikuwa na nyufa. Soda ya wafu wengine wote udongo huo ulikuwa umeinywa hapo hapo. Hii ilikaa juu. Povu likaisha, nzi wakatua karibu, wakaondoka bila kuigusa.

Shemasi Purvis aliinama akatazama, kofia mkononi. "Ardhi haimtaki," alisema polepole. "Huyu yuko hai."

Mama Ozella alicheka mpaka akakohoa. "Umeona, bibie? Haya, kesho nifungie begi, nakwenda hospitali. Sitaki mwanangu anikute mgonjwa. Wewe utabaki nyumbani umfungulie."

Verlene alilia kwa furaha, na aibu pia. Ngoma zikaanza, moshi wa nyama ukatanda, watu wakakaa mezani. Yeye akarudi makaburini kuchukua chupa aliyoisahau.

Soda bado ilikuwa pale, inang'aa. Akasimama kuitazama, na mbele ya macho yake ikaanza kushuka. Ilishuka katikati kwanza, taratibu, kama mtu anayenyonya kwa mrija, na mwisho ikasikika ile sauti ya kinywaji kinachoishia kwenye glasi. Udongo ukabaki mkavu kabisa.

Roscoe alikuwa hai, basi. Alikuwa hai mpaka saa hii, mahali fulani, na dada yake ndiye aliyemwita.

Verlene alipiga magoti akachimba kwa kucha. "Mrudishe," aliiambia ardhi. "Nilikosea. Mrudishe!" Vumbi tu ndilo lililomjaa mikononi.

"Verlene!" Mama aliita kutoka mezani, sauti yake ina nguvu ambayo haikuwa nayo tangu mwaka jana. "Sahani ya kaka yako mbona haina kitu?"

Akitamka neno moja, mama hatakwenda hospitali kesho wala siku nyingine yoyote. Verlene akajifuta mikono kwenye gauni.

"Nakuja, Mama."

Akamchagulia Roscoe mbavu nono kuliko zote, akamjazia glasi soda nyekundu, akaketi kando ya kiti chake kitupu kumfukuzia nzi.