Siku Iliyofutwa Nyumbani kwa Bodil

Alhamisi jioni Bodil Krogsgaard alioka mikate ya iliki, akaikata katikati, akaipaka siagi, akala na mwanawe Troels jikoni kwao mjini Slagelse. Ni mikate ya mkesha wa Siku Kuu ya Maombi. Serikali ya Denmark ilikuwa imeifuta sikukuu hiyo ili watu waende kazini na fedha zinunue silaha, lakini mikate haikufutwa. Ijumaa saa moja asubuhi Troels alitakiwa kambini. Kikosi chake kilikuwa kinakwenda Latvia, mpakani na Warusi.

Walipoamka haikuwa Ijumaa. Ilikuwa Siku Kuu ya Maombi, kama mwaka jana na mwaka juzi. Tangu ifutwe ilikuwa inakuja kukaa humo ndani, kati ya Alhamisi na Ijumaa, na haiishi mpaka mmoja wao atoke nje. Mwaka wa kwanza Bodil aliitumia kusafisha madirisha. Safari hii alifunga mlango, akautia ufunguo mfukoni mwa aproni.

"Mama, wenzangu wananisubiri."

"Wanakusubiri wapi? Kwao bado Alhamisi. Kula."

"Nitapasuka! Huu mkate wa ngapi?"

"Wa sita. Huko utalishwa makopo."

Wakacheza karata. Troels alikuwa anamwibia karata, kama alivyomwibia tangu ana miaka saba, na mama yake akajifanya haoni. Roho ya Bodil ilikuwa juu juu. Aliogopa kwamba mtoto huyu akitoka hatarudi, na kila ubao wa sakafu ulipolia aliushika ufunguo.

Mlango ukagongwa. Sauti nje ikasema ni watu wa serikali.

"Tukinyamaza wataondoka," Bodil alinong'ona.

"Watu wa serikali wasimame nje, mama? Aibu hiyo." Troels akatia mkono kwenye aproni yake, taratibu, akauchukua ufunguo, akafungua.

Walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume, na kitoroli cha kubebea friji. Walivua viatu mlangoni. Mwanamke alijitambulisha kwa jina la Inger-Lise.

"Bi Bodil, tumeambiwa una siku humu ndani."

"Ninayo."

"Ilishapangiwa matumizi. Mwanzoni ilikuwa Ukraine tu. Sasa Mashariki ya Kati inawaka, na Greenland nayo inataka kulindwa. Mkakati umepanuka, siku hazitoshi."

"Ichukueni basi. Niachieni mtoto."

"Mtoto si idara yetu, mama," Inger-Lise alisema kwa huruma, akapokea mkate na kahawa.

Mwenzake aliikunja siku kuanzia dirishani, akaifunga kwa kamba kwenye kitoroli. Ilikuwa nzito, ikabidi Troels amsaidie kuivusha kizingiti. Mwanga wa Ijumaa ukaingia jikoni, na lori la taka likasikika barabarani.

Inger-Lise alikuwa amesimama mbele ya kalenda ya ukutani.

"Tarehe kumi na tisa Novemba mmeizungushia kalamu. Mnaitumia?"

"Ndiyo siku atakayorudi."

Inger-Lise akaiandika kwenye fomu.

"Lazima iwe siku nzima?"

Bodil alimtazama mwanawe, aliyekuwa ameinama anafunga buti.

"Hata nusu," akasema haraka. "Nusu inatosha."