Mkono wa Kushoto wa Karani Mrisho

Karani Mrisho aliliona doa kabla bwana shauri, Mjerumani mkuu wa boma, hajaliona.

Lilikuwa katika ukurasa wa jana wa daftari la hukumu. Wafugaji wawili wa upande wa Buigiri walikuwa wameletwa bomani Dodoma kwa kosa la kukata waya wa simu. Waya ulikutwa nyumbani kwa Yotham, umekwisha kusokotwa bangili. Mwenzake, Gideoni, alikuwa mgeni tu aliyelala hapo siku moja. Bwana shauri alitamka hukumu na Mrisho akaiandika: Gideoni aachiwe. Yotham apigwe hamsa ishirini, afungwe mnyororo miezi sita. Sasa maneno ya katikati yalikuwa wingu jeusi. Kilichosomeka ni jina la Gideoni, kisha hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, na mnyororo.

Mrisho alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Utotoni mwalimu wake wa chuo cha Kurani alimchapa mpaka akachoka, kisha akamwacha, maana hati yake iliwashinda wenziwe wote. Katika herufi za Kiarabu mkono ule haukumwaibisha: maandishi yalianzia kulia, mkono ukatangulia na wino ukabaki nyuma kukauka. Lakini bwana shauri huyu mpya alipiga marufuku herufi hizo bomani. Alitaka za Kizungu tu, akampa Mrisho na kalamu inayobeba wino wake tumboni. Tangu hapo mkono ukawa unafuata nyuma ya wino na kuupangusa ungali mbichi. Kila jioni mkewe, Jaha, alimsugua kiganja kwa ndimu na majivu.

Karani aliyemtangulia, Silvano, alishukiwa kubadili jina moja daftarini. Hakuna aliyemuuliza mara mbili. Alitiwa mnyororo shingoni, akapelekwa kuvunja mawe ya reli, na habari zake zikakatika.

Bwana shauri alivuta daftari, akasoma, akanyanyua macho. Uani wale wawili walikuwa wamechuchumaa chini ya ulinzi. Jana alikuwa amekata mashauri mengi, akawatazama kama anayetazama mbuzi wawili wa rangi moja.

"Gideoni ni yupi?" aliuliza. "Alazwe chini."

Askari wawili wakamshika Gideoni. Yeye aligeuka akamtazama Mrisho, kwa kuwa jana ni Mrisho aliyemwambia kwa Kigogo kwamba ameachiwa, atatoka asubuhi.

Mrisho alipima njia mbili. Akisema hukumu ni nyingine, ataulizwa ni nani aliyemhonga ng'ombe. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Kiboko kilikwisha kutolewa kwenye ndoo ya maji.

"Bwana mkubwa," alisema. "Aliyehukumiwa ni Yotham. Huyu uliamuru aachiwe. Wino umepanguswa na mkono wangu."

Bwana shauri alifunga daftari polepole. "Wino umefuta mahali palepale penye faida. Amekupa nini?"

"Hakunipa kitu, bwana."

"Nani shahidi wako?"

Hapo Mrisho alitamani ardhi immeze. Shahidi alikuwa kifuani mwake, ndani ya kanzu. Ni karatasi aliyoandika barazani shauri likiendelea, kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa hizo ziliweza kuufuata mdomo wa bwana shauri. Za Kizungu alizinakili baadaye. Kuitoa ilikuwa kujishtaki mwenyewe. Aliitoa.

Bwana shauri aliitazama bila kuigusa. Akamwita shaushi Abdulkadiri, mkubwa wa askari, ambaye jana alikuwa safarini Mpwapwa na hakusikia shauri hata moja.

"Soma. Ukiongeza neno, utalala wewe."

Shaushi alisogeza karatasi mbali na macho yake, akasoma polepole: "Gideoni aachiwe. Yotham apigwe hamsa ishirini, afungwe mnyororo miezi sita."

Bwana shauri alifanya ishara ya mkono, askari wakamwachia Gideoni. Aliondoka bila kukimbia mpaka alipopita lango, na hapo akakimbia. Yotham alilazwa, na Mrisho akaamriwa kusimama karibu na kuhesabu viboko kwa sauti.

Ilipokwisha, bwana shauri aliichana ile karatasi. "Kwa herufi hizi utapata viboko kumi, Jumatatu," alisema. "Na kuanzia leo utaandika kwa mkono wa kulia. Nikiona doa jingine, utamfuata Silvano."

Mchana ule Mrisho alikaa uani kwake na kipande cha mkaa na ubao, mkono wa kushoto ameufunga kwa kitambaa. Alijaribu kuandika jina lake. Jaha alisimama nyuma yake akitazama.

"Linasomeka?" Mrisho alimuuliza.

Jaha hakujua kusoma herufi za Kizungu. "Mimi naona mikwaruzo ya kuku, baba Stara," alisema. "Andika tena."

Mrisho akafuta ubao, akaandika tena. Ilikuwa Ijumaa; Jumatatu kiboko na daftari vilimngoja.