Kulia Kwetu

“Zima!” mume wangu alipiga kelele.

Nilibaki nimeduwaa, bisibisi mkononi, nikitazama bati lililo ndani ya vali, ile chupa ya kioo kama balbu, likiwaka kama kaa la moto. Yeye ndiye aliyeruka akachomoa waya ukutani.

“Nilikwambia skrubu ya kulia.”

“Nimezungusha ya kulia.”

“Kulia kwako au kwangu?”

Tulikuwa tumeketi tukitazamana, amplifaya, mashine ya kukuza sauti, katikati yetu. Hakuna aliyecheka.

Kabla ya siku hiyo sikuwahi kugusa kazi yake ya kutengeneza redio. Kwa miaka ishirini na miwili tulitumia chumba kimoja, cherehani yangu dirishani, meza yake ukutani, na kila mtu alichunga mpaka wake. Kisha akaugua. Alipona, ila mikono ikabaki na mtetemo. Alianza tu kuwarudisha wateja, mara vipuri hakuna, mara ana shughuli nyingi. Nami nilijifanya sioni.

Asubuhi ile niliona. Ncha ya bisibisi ilikuwa inacheza ndani ya amplifaya ya mwalimu mstaafu, mahali penye volti mia nne. Akaiweka chini, akaifunika mashine kwa kitambaa.

“Mwalimu akija, mwambie imenishinda.”

Imenishinda! Sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo kwa chombo chochote. Niliacha gauni la watu chini ya sindano.

“Nionyeshe, nifanye mimi.”

“Umeme huu unaua, mke wangu.”

“Ndiyo maana nakuuliza wewe.”

Akaondoa kitambaa. Mkono mmoja tu ndani, akasema, umeme usipate njia ya kupita moyoni. Wa pili uweke mgongoni, kama mtu anayeficha zawadi. Vali mpya lazima zipangiwe kiasi cha umeme wa kupitisha kabla muziki haujapigwa, kila moja kwa skrubu yake. Ukizidi, zinaungua. Ukipungua, sauti inakwaruza. Kila moja ilihitaji miliampea thelathini na tano.

Nami nikaanza kwa kukaribia kuunguza moja.

Tulisubiri ipoe. Alikagua vali kwenye mwanga wa dirisha, akaguna kwamba imenusurika. Ndipo akabeba kiti chake, akazunguka meza, akaketi ubavuni pangu, bega kwa bega.

“Haya. Sasa kulia kwetu ni kumoja.”

Hapo tulicheka, tena sana, hadi nikalazimika kuweka bisibisi chini.

Alisoma mita, nikazungusha. “Ishirini na nane. Thelathini na moja. Taratibu, kama unatunga uzi. Thelathini na tano. Hapo hapo!” Nilipomaliza vali ya pili, ya kwanza ikashuka kidogo. Tukairudia. Tukarudia zote. Jasho lilinitiririka mgongoni, juu ya ule mkono uliofichwa.

Alipopiga santuri, sauti ya mwanamke ilijaa chumba, laini, bila mkwaruzo. Mume wangu aliweka kiganja juu ya kasha. Kilikuwa kinatetemeka waziwazi, na hakukiondoa.

Mwalimu alikuja alasiri. Alisikiliza wimbo mzima amesimama, kofia mkononi. Kisha akauliza vali hizo zitadumu kwa muda gani.

“Muulize fundi,” mume wangu akasema, akielekeza kidevu upande wangu.

Niligeuka nitazame ni fundi gani aliyeingia.