Bonifasia Anadai Kosa Lake

Watu wote waliopelekwa barazani kwa Jumbe Mansuetus walikwenda kukana. Hata aliyekamatwa na mbuzi begani alikana, na mbuzi akilia alimkana mbuzi. Kwa hiyo Kwaresima ile, Bonifasia wa Mbuji aliposimama mbele ya wazee akadai kosa lake kama mtu anayedai kuku wake aliyepotea, walidhani njaa ya mfungo imempanda kichwani.

Haikuwa njaa. Mwaka mmoja nyuma mumewe, Kiliani, alikufa kwa kichomi, akaacha mke, binti mmoja, Tadea, aliyekwisha kuolewa, mibuni iliyokuwa imeanza kuzaa, na shamba la mteremkoni. Matanga hayajapoa, mdogo wa marehemu, Urbani, akaja kurithi. Urbani alikuwa mtu mpole sana. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Vitu vya watu alivichukua kwa upole, na mwenye kitu alijikuta amesema asante. Koti la marehemu alikuwa amekwisha kulivaa. Akaomba na mjane.

Bonifasia alijibu kwamba yeye alifunga ndoa moja kanisani, na hajamwomba Mungu mume wa pili. Baraza la Jumbe likampa haki Urbani. Basi Bonifasia alifunga viazi kwenye kanga, akatembea siku tatu mpaka bomani Songea, akakata rufani kwa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya. Mzungu yule alisikiliza, akaandika, na barua ikarudi Mbuji kabla miguu ya mama haijapona malengelenge. Karani wa baraza, Izidori, aliisoma hadharani: mjane si mbuzi wala jembe, ni mtu kamili mbele ya sheria, na hakuna wa kumrithi.

Wanawake walipiga vigelegele. Tangu siku hiyo hukumu ile ikaitwa Shauri la Bonifasia, na kutoka milimani mpaka kule chini ziwani wajane waliijua kama Baba Yetu. Wazee nao waliikubali. Kwa kweli waliikubali kupita kiasi.

"Ni mtu kamili," walisema. "Basi na alime kwa ukamilifu wake."

Maana Umatengo hailimwi miteremko ovyo. Panachimbwa ngolo, yale mashimo yaliyojipanga kama sega la nyuki, ili mvua isiondoke na udongo. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana. Mwanamke huja nyuma akizifukia kwa udongo wa katikati, shimo likabaki. Mwanamke kulaza nyasi ilikuwa kama mwanamke kusomesha misa. Bonifasia alipika pombe, akawaalika shemeji zake kufyeka. Walikuja, wakanywa, wakaisifu, wakaondoka. Akamfuata Urbani nyumbani kwake.

"Shemeji, msimu wa maharage unapita."

"Nauona, shemeji, na unaniuma. Panga langu limenolewa tangu Jumapili. Linangoja neno lako moja tu."

"Neno gani?"

"Ah, shemeji! Unalijua."

Bonifasia alilijua. Akarudi, akafyeka mwenyewe, akachimba matuta ya kawaida, akapanda. Maharage yalikuwa yameota majani mawili mawili bwana shamba alipopita. Sheria ya baraza ilikuwa wazi: anayelima mteremko bila ngolo ashtakiwe. Na ndivyo shauri la pili lilivyozaliwa na lile la kwanza.

Siku ya kusikilizwa, Jumbe Mansuetus alimtazama kwa huruma. Hakuwa mtu mbaya, alitaka tu kwenda kula.

"Mama Tadea, usiogope. Tangu baraza hili liwepo, mwanamke hajatiwa hatiani kwa ajili ya shamba. Kosa la shamba huenda kwa mwenye nyumba. Yuko nani wa nyumba hii?"

Urbani alikwisha kusimama, koti limefungwa vifungo vyote.

"Ni mimi, Bwana Jumbe. Nyumba ni ya ndugu yangu. Kosa nalichukua, na adhabu nitaifanya mimi. Shemeji akapumzike."

Watu waliguna kwa kuridhika. Mwanamke mmoja nyuma alifuta machozi. Bonifasia hakumtazama Urbani. Aliitazama kalamu ya Izidori.

"Karani, unaandika nini hapo?"

"Naandika, mama, shamba la Urbani, mshtakiwa Urbani."

"Futa."

Izidori aliinua kalamu, akamtazama Jumbe.

"Mama, unaokolewa," alisema Jumbe. "Kaa chini."

"Mwokozi ninaye mmoja, Bwana Jumbe, ananitosha. Kosa hili ni langu. Matuta nimeyachimba kwa mikono hii. Huyu hajakanyaga pale tangu mvua za kwanza. Muulizeni bwana shamba alimkuta nani."

Bwana shamba alikohoa. "Nilimkuta mama huyu. Aliniambia, 'Shamba ni langu na matuta ni yangu, andika.' Nikaandika."

"Lakini huna kosa!" mzee mmoja alifoka.

"Ninalo, baba."

"Huna!"

"Ninalo!"

Jumbe alijifuta uso. "Izidori, hebu soma tena ile barua ya Songea."

"'Mtu kamili mbele ya sheria.'"

"Sheria ipi?"

"Haikuchagua, Bwana Jumbe. Nadhani zote."

"Hata ya ngolo?"

"Hata ya ngolo."

Wazee waliinamisha vichwa, wakanong'ona, wakashindwa. Waliotaka aadhibiwe kwa kumkataa Urbani walikuta sasa adhabu anaitaka mwenyewe. Jumbe akahukumu: wiki mbili za kazi kwenye barabara ya Kitai, alale nyumbani kwake mwenyewe kwa kuwa baraza halina chumba cha wafungwa wa kike; na mwenye shamba aweke ngolo kwa mikono yake.

"Asante, Bwana Jumbe," alisema Bonifasia, akapiga goti kidogo.

Nje Urbani alimfuata, sauti yake laini kama siku zote. "Shemeji, tungeweza kugawana. Hata nusu ya kosa."

"Kosa nalo halirithiwi, shemeji."

Barabarani alibeba udongo kwa kikapu, akaitolea Kwaresima kazi ile, akisali fumbo moja la rozari kila safari tano. Askari wa baraza, ambaye alizoea kuwatukana wafungwa, alikosa la kufanya mbele ya mama aliyemwamkia vizuri kila asubuhi. Akaishia kumsaidia kupakia. Siku ya nne aliletwa mfungwa mwingine. Alikuwa Celestina, Mnyasa wa Mbamba Bay aliyeolewa huku juu, na midomo yake ilitangulia mwili.

"Dada Bonifasia! Wewe na Bwana Shauri wako! Mume wangu hajui kusoma hata jina lake, ila shauri lako analo lote kichwani."

"Kosa gani, mwenzangu?"

"Pombe bila kibali, siku kumi. Miaka yote wakitukamata huenda yeye, maana mwenye nyumba ni yeye. Jana akasimama barazani, kifua mbele: 'Pombe kapika mke wangu, naye ni mtu kamili!' Miaka kumi na miwili ya ndoa sijapata kuwa mtu kamili, nimekuwa jana asubuhi!"

Bonifasia alitaka kumwonea huruma, lakini kicheko kilimtangulia, na baadaye alikiungama kwa padre.

Kabla ya Jumapili ya Matawi walikuwa watano. Waume wa Mbuji waligundua kwamba makosa yao yote yana wake ndani yake. Kisha waligundua kwamba moto hauwaki kwa kuutazama, na kwamba mtoto anayelia hajui hukumu ya Songea. Wakamwendea Jumbe wakamwomba barua ile ifutwe.

"Hukumu imetoka Songea," Jumbe alisema. "Ni mwendo wa siku tatu. Nendeni."

"Na chakula cha njiani atatupikia nani?"

"Hilo nalo ni shauri," alisema Jumbe.

Siku ya mwisho Izidori alimpa Bonifasia karatasi yake, ina mhuri wa baraza. Mama aliisoma polepole, kidole chini ya kila neno, kama alivyofundishwa na masista: Bonifasia, mwenye shamba la mteremkoni Mbuji, ameadhibiwa kwa kosa la shamba lake, amemaliza. Aliisoma mara mbili. Mbuji nzima hapakuwa na karatasi nyingine inayosema shamba ni la mwanamke. Aliikunja akaitia katikati ya kitabu cha sala.

Celestina alikuwa amechungulia begani kwake.

"Karani," alisema, "yangu inasemaje?"

"Celestina, mke wa..."

"Futa. Andika: mwenye pombe, mwenye vyungu vyote vitano. Mwenye kosa si ni mimi? Basi tuone leo jioni nani atakigusa chungu changu."

Izidori alitazama kushoto na kulia, akachovya kalamu. Bonifasia hakungoja amalize. Alichukua panga, akaenda mteremkoni kulaza nyasi, kwa amri ya baraza.