Basi la Kwenda St. Paul

Ardis Kivela alikuwa diwani wa mji wa Kestner kwa miaka kumi na minne, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akigonga meza. Aliigonga Jumanne moja ya mwezi Machi, saa kumi na mbili na nusu jioni, mbele ya madiwani wenzake wanne na wananchi saba waliokuwa wamekaa na makoti yao mwilini kwa sababu kipasha joto cha ukumbi kilikuwa kimegoma.

Hoja ya siku hiyo ilikuwa moja tu: je, mji uajiri mshawishi wa kuusemea kwenye bunge la jimbo kule St. Paul, mwendo wa saa nne kwa gari? Mtambo wa maji wa Kestner ulikuwa mkubwa kwa umri kuliko Ardis mwenyewe, naye alikuwa na miaka sabini na mmoja. Maji yalitoka bombani na rangi ya kutu, na wanawake wa mji walikuwa wameacha siku nyingi kununua mashuka meupe. Kujenga mtambo mpya kulikuwa nje ya uwezo wa mji. Fedha za kazi kama hiyo zilikuwa mikononi mwa wabunge.

Meya Curt Haugdahl, mwenye duka la misumari na rangi, alikuwa amempata mwanamke mmoja aitwaye Renata Okerlund, ambaye kazi yake ilikuwa kuisemea miji midogo bungeni. Jioni hiyo alikuwa akizungumza nao kupitia skrini ya ukutani.

"Bibie," Ardis alimkatiza, "umewahi kuyanywa maji yetu?"

"Bado, mama."

"Kestner kwenyewe umewahi kufika?"

"Nimepita barabara kuu."

"Umepita!" Ardis aliwageukia wenzake. "Jamani, amepita. Na huyu ndiye atakayekwenda kueleza shida zetu."

Watu wakacheka. Renata naye alicheka kidogo, jambo ambalo lilimuudhi Ardis zaidi. Skrini ilipozimwa, meya alianza kuhesabu kura, na ikawa wazi kwamba wawili wako upande huu na wawili upande ule, na wote wanamtazama Ardis. Hapo ndipo alipoigonga meza.

"Mwaka wa sabini na saba hatukukodi mdomo wa mtu," alisema. "Tulipanda basi. Nipeni majuma mawili. Nitalijaza basi tena, tutakwenda wenyewe. Tukirudi mikono mitupu, mtaajiri mnayemtaka."

Curt alivua miwani. "Ardis, dunia ya leo si ile."

"Ngazi za bunge ni zilezile."

Wakampa majuma mawili.

Basi hilo lilikuwa limekaa kichwani mwake kwa miaka arobaini na minane, safi kama juzi. Daraja la mto lilikuwa limefungwa kwa sababu ya ubovu, na watoto wa upande wa pili walikuwa wakizungushwa maili thelathini kwenda shule. Mgodi ulitoa ruhusa ya siku mbili. Watu arobaini na wanne walipanda basi la shule alfajiri ya mwezi wa pili, barafu ikiwa bado imeshika vioo, na wanawake walipakia mapasti, mikate iliyojazwa nyama na viazi, yakiwa ya moto, yamefungwa kwenye magazeti. Dereva alikuwa Rudy Prebich. Walipiga kodiani njia nzima. Mzee mmoja wa Kislovenia alitapika mara tatu na kila mara akasema sasa amepona.

Na baba yake, Eino Kivela, alisimama kwenye ngazi za marumaru na suti yake ya pekee, ile aliyoolea, akawaambia wabunge kwa Kiingereza chake kizito cha Kifini kwamba hawakuja kuomba bali kukumbusha. Ardis alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alikuwa amesimama ngazi mbili chini yake, na aliona jinsi baba yake alivyoikaza kofia mkononi huku sauti yake haitetemeki. Mwaka uliofuata daraja lilijengwa.

Asubuhi iliyofuata kikao, Ardis alibandika karatasi kwenye mkahawa, juu ya mashine ya kahawa, yenye mistari arobaini na minne. Siku ya kwanza waliandika watu watatu. Siku ya nne walikuwa sita, na mmoja wao alikuwa ametia jina la mbwa wake kwa utani. Ardis akaanza kupiga simu. Alipitia daftari lake la namba kuanzia A, na hapo ndipo baridi ilipoanza kumwingia moyoni. Anttila, amekufa. Bartovich, kahamia kwa binti yake Arizona. Familia ya Carlsen, nyumba imefungwa mbao madirishani. Wale vijana waliobaki walikuwa na zamu: mmoja ghala, mwingine hospitali ya mji wa jirani, mwingine kazi mbili.

"Ningependa, mama Ardis," alijibu mwanamke mmoja ambaye Ardis alimfundisha skauti akiwa msichana mdogo. "Lakini nikikosa siku moja wananitoa."

Zamani mgodi ulipotoa ruhusa, mji mzima ulipata ruhusa. Sasa hakukuwa na mtu wa kuutolea mji ruhusa.

Siku ya safari walikuwa tisa. Basi halikuhitajika, wakaazima gari dogo la kanisa la Kilutheri. Rudy Prebich, mwenye miaka themanini na sita, alidai kuendesha, akanyimwa funguo, akakaa mbele kama kamanda akimwambia kijana wa kanisa lini abadilishe gia katika gari lisilo na gia za kubadilisha.

"Kodiani iko wapi?" aliuliza walipopita msitu wa kwanza.

"Aliyeipiga alikufa, Rudy."

"Najua alikufa. Nauliza kodiani."

Kule St. Paul walinzi waliwakagua mkoba mmoja mmoja mlangoni mwa bunge. Ngazi za marumaru zilikuwa zilezile kweli, ila zilikuwa zimejaa wanafunzi waliokuja kutembezwa. Mbunge wao alikuwa kwenye kikao. Alitoka msaidizi wake, binti mpole mwenye daftari, akawapa viti na maji ya chupa, akawasikiliza bila kuangalia saa.

"Maombi ya miradi yalifungwa tangu mwaka jana, mama," alisema. "Kestner mlileta?"

"Tulileta. Karani wetu alituma."

Binti alitafuta kwenye kompyuta yake muda mrefu. "Naona. Ila mlijaza fomu ya zamani. Ilirudishwa. Hamkuona barua?"

Karani wa Kestner alikuwa akifanya kazi siku mbili kwa juma. Ardis alihisi watu wanane nyuma yake wakimtazama kisogo.

Walikuwa wamekaa kwenye benchi la korido, wakila mapasti yaliyokwisha kupoa, mwanamke mmoja mfupi mwenye viatu vya kutembelea na mkoba mzito alipopita, akasimama, akarudi nyuma. Alikuwa Renata Okerlund.

"Mama Kivela? Mmekuja kweli!"

"Tulisema tutakuja."

"Mmemwona nani?"

Ardis alitaka kusema hayamhusu. Badala yake alimweleza yote, mpaka ile fomu. Renata hakutikisa kichwa wala kusema pole. Aliuliza fomu ilirudishwa mwezi gani, akasema, "Ngojeni hapa, msiondoke," akatokomea. Waliona akimsalimu mlinzi kwa jina na kumuuliza habari za goti lake. Baada ya nusu saa akarudi akihema.

"Fomu yenu bado inarekebishika, na kuna mji umeahirisha kusema mbele ya kamati. Kuna nafasi ya dakika tatu, saa tisa. Mnaitaka?"

"Sisi hatujakuajiri," alisema Ardis.

"Najua. Mnaitaka, au nimwachie mtu mwingine aichukue?"

"Tunaitaka," alisema Rudy, mdomo umejaa viazi.

Saa tisa Ardis alikaa mbele ya kipaza sauti. Hotuba aliyoiandika, yenye maneno mengi ya baba yake, ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa kwa Rudy. Basi alisema alichonacho. Alisema kuna bibi harusi wa Kestner aliyelifua gauni la mama yake ili alivae, likatoka bafuni na rangi ya chungwa. Mwenyekiti wa kamati alimuuliza kaya ni ngapi. Akamjibu. Akamuuliza bomba kuu ni la mwaka gani. Akamjibu. Nyuma yake watu wanane walikuwa wamesimama wima kama kwaya. Kisha dakika tatu zikaisha.

Nje, uso wake ukiwa bado unawaka, Ardis alimshika Renata mkono. "Wametusikia?"

"Wamewasikia vizuri sana."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kesho wataipanga upya orodha ya miradi. Kesho kutwa wataipunguza. Wiki ijayo upande wa seneti watakuwa na orodha yao. Kila ikiguswa, lazima awepo mtu mlangoni wa kusema, Kestner msiisahau. Mpaka mwezi wa tano." Alimtazama machoni bila dharau. "Mnaweza kubaki?"

Ardis aliwatazama watu wake. Mmoja alikuwa na dawa ya kumeza saa kumi na mbili. Gari la kanisa lilitakiwa kurudishwa kabla ya ibada ya Jumatano.

Njiani kurudi wengi walilala. Theluji ya mwisho ya msimu ilikuwa imebaki kwenye mitaro, chafu. Ardis alikuwa amekaa nyuma ya kiti cha Rudy.

"Baba angeona aibu," alisema polepole. "Yeye alisema mara moja, wakamsikia. Daraja likaja."

Rudy aligeuka taratibu, shingo yake ikimpa taabu. "Nani kakwambia alisema mara moja?"

"Nilikuwepo, Rudy."

"Ulikuwepo siku ile. Wewe ulirudi Duluth kwenye chuo chako cha uuguzi. Eino hakurudi."

"Alikuwa kwa binamu yake kule St. Paul mwezi wa tatu, wa nne. Wakiweka vigae."

"Vigae!" Rudy alicheka mpaka akakohoa. "Baba yako hakujua hata kigae kinashikwaje. Alikuwa analala kwenye kochi la binamu yake, na kila asubuhi anakwenda bungeni na suti ile ile. Majuma kumi na moja, Ardis. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea mashati safi. Walinzi walimwita Bwana Daraja. Chama cha wafanyakazi wa mgodi ndicho kilichokuwa kinamlipa, maana mgodi ulimkata mshahara."

Ardis alijaribu kumwona baba yake kwenye korido ile, kwenye benchi pengine lilelile, kofia magotini, akingoja mtu atoke chakulani. Mtu ambaye nyumbani alikuwa hawezi kusubiri kahawa ichemke.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Hakumwambia mtu. Alisema, waache watu waamini ni basi. Watalihitaji siku nyingine." Rudy alirudi kutazama barabara. "Na kweli lilikuwa basi. Bila basi wasingemfungulia mlango wa kwanza. Ila milango ya pili mpaka ya mia aliigonga mwenyewe."

Ardis aligeuza uso kuelekea dirishani. Kwa miaka arobaini na minane alikuwa amempenda baba yake kwa ile siku moja ya ngazini. Sasa alipewa siku nyingine sabini na kitu, zote kwa mpigo, na hakujua azipokeeje. Alilia kidogo, bila sauti, mpaka taa za Kestner zikaonekana.

Jumanne ya kikao, majuma mawili yalipotimia, ukumbi ulikuwa na joto na watu walikuwa wengi kidogo. Curt alimpa nafasi ya kusema, akijiandaa kwa mabaya.

"Nilisema sitaki mdomo wa kukodi," alisema Ardis. "Nimejua juzijuzi tu kwamba baba yangu alikuwa mmoja. Chama kilimlipa akae mlangoni kwa niaba yetu, na alikaa." Alimgeukia meya. "Napiga kura ya ndiyo. Lakini nina masharti. Huyu mama aje hapa kila mwezi, akae na sisi, ale na sisi. Na kila mwaka tupande gari kwenda kule, tuwe tisa, tuwe wanne. Mwenye kutusemea asiwe peke yake mpaka watu wasahau kwamba sisi tupo."

"Nani atajaza gari?" aliuliza diwani mmoja.

"Mimi na Rudy tayari ni wawili."

Hoja ikapita kura tatu kwa mbili. Usiku huo hakupata usingizi mapema, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alilitoa kabatini boksi la picha za baba yake. Hakuna hata moja iliyopigwa St. Paul.

Siku kumi za mwisho za bunge, Ardis alikwenda mwenyewe kukaa na Renata. Alijifunza majina ya walinzi. Alijifunza kungoja, jambo ambalo halikuwa katika damu yake, au ndivyo alivyodhani. Mchana walikula kwenye ngazi, na Renata alimuuliza habari za Eino: aliongeaje, alipenda nini, sauna yake ya kuogea mvuke aliipasha moto kwa kuni za mti gani. Ardis alishangaa jinsi alivyokuwa na mengi ya kusema, na jinsi miaka ilivyokuwa mingi tangu mtu amuulize.

Habari zilimkuta amerudi nyumbani, akipanda viazi. Renata alipiga simu: Kestner imo kwenye orodha ya mwisho, kwa nusu ya gharama. Ardis alimwambia arudie, akarudia. Kisha akampigia Rudy, lakini Rudy alikuwa ameacha kusikia simu, kwa hiyo alinawa mikono, akaendesha mpaka kwake, akamkuta barazani.

"Tumepata nusu!" alimpigia kelele sikioni.

"Nusu?"

"Nusu!"

Rudy alifikiri. "Basi nusu nyingine mwakani," alisema, akaanza kujiinua kwenye kiti kwa mikono miwili ili aingie ndani akamtengenezee kahawa.