Ganda Jekundu la Bolonya

Tangu aolewe, binti yangu Twila hajawahi kuja kwangu siku ya kazi. Kwa hiyo Jumatano ile nilipomwona anapanda ngazi za baraza na mkate mweupe na pakiti ya bolonya, ile soseji nene ya kukatwa vipande, nikajua hapa kuna namna.

"Baba, nimeikumbuka sandwichi yako," akasema. "Nikaangie kama zamani."

Hee! Mtu atoke mjini Charleston, apande milima yote hii, kisa soseji? Mimi mzee, si mjinga. Kaka yake, Delbert, ndiye aliyemtuma. Tangu nisahau sufuria motoni majira ya baridi, Delbert hana wimbo mwingine ila nyumba ya wazee. Eti nitajichoma. Basi leo napimwa, na nikikosea tu, nyumba yangu kwaheri.

"Kaa pale," nikamwambia. "Usiguse kitu."

"Sigusi. Mbona mkali hivyo?"

"Na wewe mbona umenikodolea macho?"

"Namwangalia mpishi, Baba." Akacheka, lakini macho hayakutoka kwenye jiko la gesi. "Unakumbuka lile ganda jekundu? Ulikuwa unalibandua kwenye kila kipande kabla ya kukaanga, mimi nalivaa mkononi kama bangili."

Mtego huo! Anapima kumbukumbu. "Nakumbuka kila kitu," nikasema.

Nikampikia kwa hasira. Kikaango cha chuma, siagi kidogo. Kila kipande nikakichanja kutoka ukingoni hadi katikati, maana usipokichanja kinavimba kama kofia, katikati kinabaki kibichi. Nikageuza kingo zilipoungua. Haradali, kitunguu kibichi, mkate juu: yake na yangu. Gesi nikaizima huku namtazama usoni, nikaikagua tena. Umeona hiyo? Kamwambie Delbert!

Sikula yangu. Nilikuwa namchunguza. Alitafuna polepole mno, akajifuta mdomo kwa karatasi, akatafuna tena.

"Vipi, mbaya?"

"Tamu, Baba. Ileile."

Akamaliza yote, akatoka uani na simu. Nikajibanza dirishani, sioni haya kusema.

"Delbert, mwache Baba," nilimsikia. "Nimemwangalia mwanzo mpaka mwisho. Hajakosea hata kimoja."

Weee! Nilitaka kucheza pale pale. Nikachukua sahani yake niioshe, na ile karatasi yake nikaiona imetuna. Nikaifungua.

Ndani mlikuwa na ganda jekundu, limeyeyuka upande mmoja, lina alama za meno.

Nikafunua mkate wa sandwichi yangu. Na langu lilikuwepo, limegandamana na nyama. Plastiki. Nimemlisha mwanangu plastiki, naye akaniambia tamu. Mchana kutwa nimemshuku mtu aliyekuwa upande wangu.

Nje gari lake likawaka. Nikang'oa vitufe vya kuwashia jiko, vyote vinne, nikatoka mbio na soksi zangu. Nikampitishia kwenye dirisha la gari.

"Shika. Ukija Jumapili utapika wewe, na mimi nitakukodolea macho."

Akavitazama. "Baba, mimi sikusema kitu..."

"Najua. Usimdanganye kaka yako kwa ajili yangu. Mwambie jiko nimelifunga mwenyewe, na nyumbani kwangu sitoki."

Machozi yakamtoka. Akazima gari, akarudi ndani na vitufe vyake mkononi, akaniuliza mkate uliobaki uko wapi, anikaangie nyingine.